Nusu Kijiko

Saa nane usiku, zahanati ya Bahi.
Taa ya sola imebakiza mwanga wa kuonea vidole.
Treni ya mizigo imepita, vikombe vikalia kwenye sinia,
na Nyemo, miaka miwili na miezi,
hakushtuka.

Hilo ndilo lililonitisha.

Nabana ngozi ya tumbo: inabaki imesimama kama tuta.
Machozi hana. Ulimi kigae.
Dripu zimeisha tangu Jumatatu,
gari la Dodoma linasubiri mafuta,
mafuta yanasubiri sahihi.
Ila anameza. Nashikilia hapo: anameza.

Mama yake, Mbeho, ni mchuja chumvi wa mbugani.
Hukwangua udongo mweupe Septemba nzima,
akaujaza tengani, akaumwagia maji,
akaketi kungoja tone.
Ananiambia, "Nimempa maji matupu, Nesi. Yakapita.
Nikampa ya chumvi. Nayo yakapita."

Nikamkumbuka Mwalimu Chidawali, chuoni Mvumi,
na kipande cha kiazi ndani ya maji ya chumvi:
kufikia chai ya saa nne kimelegea
kama ulimi wa mbwa juani.
"Maji hayana akili," alisema. "Maji hufuata chumvi."
Tukaandika osmosisi. Tukapigia mstari.
Nilipata kumi na moja kwa ishirini.

Maji hufuata chumvi
kama mbuzi wa huku wafuatavyo magadi,
bila mluzi, bila fimbo.
Chumvi ya Nyemo imemwagikia utumboni,
maji yakaifuata, kundi zima,
zizi likabaki na vumbi.

Basi si tuirudishe?
Mbeho alijaribu. Lakini utando wa seli ni mafuta,
na chumvi haipenyi mafuta.
Hupita mlangoni, na mlango ninaousema
una bawabu mkaidi:
chumvi peke yako, rudi.
Sukari peke yako, rudi.
Njooni mmeshikana mikono,
chumvi wawili, sukari mmoja,
ndipo mlango hujipindua wenyewe
na waliokuwa nje wakajikuta ndani.

"Tenga langu halichagui," Mbeho akasema.
"Kilichoyeyuka kinapita."
"Hili lingekuwa tenga lenye kitasa," nikamwambia.
Akacheka, cheko la mtu asiyelala siku tatu.

Lita moja ya maji yaliyochemka.
Sukari vijiko sita, kutoka kopo la chai la wauguzi;
zamu ya asubuhi watanisema.
Chumvi nusu kijiko.
Akafungua pindo la kanga, akanipa yake.
Nikakataa, ina magadi, nikachukua ya pakiti.
Aliumia, niliona.
Nikampa kijiko apime yeye.
Akasawazisha kwa kidole gumba mara moja tu,
kidole kilichouza chumvi tangu utotoni.

Kijiko. Tunangoja.
Kijiko. Anatapika.
Dakika kumi, ukimya, mbwa wa stesheni.
Kijiko.

Sina hadubini. Nina taa inayokufa.
Lakini chini ya ngozi ile najua kuna milango,
mingi kuliko punje za mpunga wa Bahi yote,
kila mmoja ukidai wageni wake watatu,
na upande wa pili pampu zinahema,
zikiisukuma chumvi kuelekea damuni.
Pampu hazisukumi bure. Kila msukumo una malipo.
Mtoto amelala kama gogo
na ndani yake hakuna aliyelala.

Kijiko.
Nyuma ya chumvi, maji. Hayana akili. Yanafuata.

Saa kumi na moja upepo ukaanza kusugua bati.
Treni ya abiria kutoka Manyoni ikapiga honi
na Nyemo akaruka, akakunja uso, akalia
kilio kibovu, cha hasira, cha kudai.
Tone moja likatelemka shavuni.
Mbeho akalikinga kwa kidole kilekile,
akalionja.
Hakusema kitu. Akanitazama tu
jinsi muuzaji anavyomtazama mnunuzi
baada ya kuhakikisha mali yake.

Nikaandika daftarini:
saa kumi na moja na robo, amekojoa.
Chini yake:
sukari ya chai imekwisha.